Kujitolea kwa Kipimo

Sayansi haijengwi na wataalamu peke yao. Mvua inayonyesha Songea haiwezi kupimwa na mtu aliyeketi Dar es Salaam, wala ndege wanaopita juu ya ziwa hawawezi kuhesabiwa na yule asiyeishi karibu na ziwa hilo. Kwa sababu hiyo, tangu zamani kazi nyingi za upimaji, uhesabuji na uangalizi wa mazingira zimefanywa na watu wasiolipwa mshahara kwa kazi hizo: wakulima, makasisi, waganga, na zaidi ya wote walimu na wanafunzi. Shule zimetawanyika nchi nzima, zina watu wanaojua kusoma na kuhesabu, na hazihamihami. Si ajabu basi kwamba kila anayetafuta mtu wa kujitolea hubisha kwanza hodi katika mlango wa shule.

Jambo hilo ni jema, lakini ndani yake mna hatari ambayo haizungumzwi mara nyingi. Mwalimu mwenye moyo huombwa kazi ya kwanza, akakubali. Huombwa ya pili, akaona haya kukataa. Na ya tatu hupewa bila hata kuulizwa. Mwanafunzi hodari naye huwa katibu wa chama cha sayansi, msimamizi wa bustani, msomaji wa kipimamvua na mfundishaji wa wenzake walio nyuma katika hisabati. Baada ya muhula mmoja au miwili kazi zote hulegea pamoja. Mshika mbili, wahenga walisema, moja humponyoka. Mshika nne je?

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba ahadi kubwa isiyotimizwa huidhuru sayansi kuliko ahadi ndogo inayotimizwa, na pengine kuliko hata kukataa. Anayejitolea hana budi kuupima muda wake kwa uangalifu uleule anaoupima nao mvua. Kufanya hivyo si uchoyo. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

PENGO KATIKA DAFTARI

Ili hoja hiyo ieleweke, na itazamwe kazi ya kupima mvua, ambayo shule nyingi huifahamu. Katika Afrika ya Mashariki kipimamvua cha kawaida husomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Msomaji hutoa chupa, humimina maji katika chombo cha kupimia, husoma milimita, huandika katika daftari, na kurudisha chupa mahali pake. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Kwa hiyo anayeombwa kuifanya hujibu upesi kwamba haina uzito.

Uzito wake hauko katika dakika kumi hizo, bali katika neno "kila siku". Mwaka una siku 365. Ndani yake mna Jumamosi na Jumapili, mna mitihani, mna likizo, mna sikukuu, na mna siku ambazo msomaji ni mgonjwa. Mvua haina likizo. Katika sehemu nyingi za nchi zinazopata mvua za masika, mwezi wa Aprili ndio wenye mvua nyingi, na katika mwezi huohuo mara nyingi shule huwa na siku za mapumziko.

Tuseme kipimamvua hakikusomwa Jumamosi wala Jumapili, na Jumatatu zikakutwa milimita 48. Maji hayo ni ya siku tatu. Je, zilinyesha milimita 16 kila siku, au zote 48 zilimwagika usiku mmoja? Daftari haliwezi kujibu. Hata hivyo tofauti ni kubwa sana. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000 za maji. Milimita 48 ni lita 480,000. Zikigawanyika kwa siku tatu, udongo wenye afya unaweza kunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Zikija kwa saa chache, zitabeba udongo wa juu, zitajaza mtaro na kuvunja kalavati. Mhandisi anayepanga upana wa kalavati na bwana shamba anayeshauri juu ya matuta wanahitaji kulijua jambo hilo hasa ambalo pengo la daftari limelificha.

Msomaji mwaminifu ataandika 48 na kueleza kwamba ni jumla ya siku tatu. Hapo hasara imepungua. Lakini msomaji aliyechoka, anayemwogopa mwalimu wake, huandika sifuri Jumamosi, sifuri Jumapili, na 48 Jumatatu. Kwa kitendo hicho daftari halina pengo tena, bali lina uongo. Katika sayansi sifuri ni kipimo: maana yake mtu alitazama na hakuona mvua. Nafasi tupu ina maana nyingine kabisa, kwamba hakuna aliyetazama. Mtaalamu anaweza kufanya kazi na nafasi tupu kwa sababu anaiona. Sifuri ya uongo haionekani, na miaka ishirini baadaye itaingizwa katika hesabu pamoja na sifuri za kweli.

Basi ni nani mwenye kosa? Kumlaumu mwanafunzi peke yake ni rahisi, lakini si haki. Alipewa kazi ya siku 365 kana kwamba ni ya dakika kumi.

MAFUNZO YA HISTORIA

Ipo mifano ya kazi za kujitolea zilizofaulu, na ndani yake mna jambo la kujifunza. Nchini Uingereza, George James Symons alianza mwaka 1860 kukusanya vipimo vya mvua kutoka kwa watu waliojitolea. Alipofariki mwaka 1900, wapimaji walikuwa wamezidi 3,000. Hakuna mmoja wao aliyeombwa kupima mvua ya nchi nzima. Kila mtu alipima uwanjani pake, na Symons alizikusanya takwimu zao na kuzichapisha, hata kila mpimaji akaweza kuiona sehemu yake ndani ya kazi kubwa.

Takwimu za namna hiyo ziliendelea kukusanywa, na nyingi zilibaki katika karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Mwaka 2020, wakati watu wengi walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, Chuo Kikuu cha Reading kiliomba watu wa kujitolea wazinakili karatasi hizo kwa njia ya intaneti. Watu wapatao 16,000 waliitikia. Katika muda wa siku 16 walinakili vipimo zaidi ya milioni 5. Mmoja aliweza kunakili safu moja wakati wa kusubiri chai, mwingine akanakili mamia ya kurasa. Kazi ilikuwa imekatwa vipande vidogo mno, kiasi kwamba hapana aliyeweza kuiangusha kwa kuondoka kwake.

Tanzania nayo ina mfano wake mkubwa. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wazima karibu milioni 2 wakakusanyika kusikiliza matangazo ya redio, kusoma, kujadiliana, na kisha kutenda. Walichimba vyoo, walifyeka majani yaliyozunguka nyumba, walifukia madimbwi ya mbu. Kampeni ilipangwa kwa wiki 12. Aliyeingia katika kikundi alijua siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na alijua atakachofanya. Ni vigumu kuamini kwamba watu wengi kiasi hicho wangeitikia kama wangeambiwa tu wajitolee kwa ajili ya afya, bila kikomo.

Wako watakaosema kwamba kujitolea kwa kipimo si kujitolea, na kwamba wazee hawakuhesabu saa walipofanya kazi za ujima. Kauli hiyo haipatani na mambo yalivyokuwa. Katika msaragambo wa Upare watu waliitwa kwa kazi inayojulikana, kama kuzibua mfereji au kulima njia, kwa siku inayojulikana, na kazi ilipokwisha walirudi mashambani kwao. Wazee hawakutumia saa ya mkononi, lakini kipimo walikuwa nacho. Walijua kwamba mtu asiyelima shamba lake kwa sababu ya kulima ya wenzake atakuwa mzigo wao wakati wa njaa.

HESABU YA SAA 168

Wiki ina saa 168 kwa kila mtu, tajiri na maskini. Mwanafunzi anayetaka kujitolea na aanze kwa kuzigawa saa hizo katika karatasi. Mfano ufuatao ni wa mwanafunzi wa bweni. Akilala saa nane kila usiku, ametumia 56. Akiwa katika vipindi na shughuli za shule kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu mchana, siku tano, ametumia 35. Maandalio ya jioni, saa tatu kwa siku tano, pamoja na saa nne za mwisho wa wiki, ni 19. Kula, kuoga, kufua na usafi, saa nne kwa siku, ni 28. Jumla ni 138. Saa 30 zimebaki kwa michezo, ibada, mazungumzo na mambo mengine yote.

Sasa na ahesabiwe mwanafunzi wa kutwa mwenye ratiba hiyohiyo. Anatembea saa moja kwenda shule na saa moja kurudi: saa kumi kwa wiki zimeondoka. Nyumbani anateka maji, anapika au anachunga ndugu zake wadogo kwa saa mbili kila siku: saa nyingine 14 zimeondoka. Amebakiwa na saa sita tu. Mara nyingi mwanafunzi huyo ni msichana. Wanafunzi hao wawili wakiketi dawati moja na kuombwa kazi ya saa tano kwa wiki, hawajaombwa kitu kimoja. Kwa yule wa kwanza ni sehemu ya sita ya nafasi yake. Kwa huyu wa pili ni karibu nafasi yake yote. Mwalimu anayegawa kazi bila kuiona tofauti hiyo atamwita huyu wa pili mvivu, naye si mvivu.

Hesabu ya mwalimu haina nafuu zaidi. Licha ya vipindi, yako madaftari ya kusahihisha, zamu ya shule, vikao, na familia yake. Mwalimu wa sayansi ana jambo moja zaidi: kutayarisha majaribio ya maabara, kazi ambayo haionekani katika ratiba ingawa inakula saa nyingi.

Kanuni moja rahisi yaweza kufaa. Baada ya kupata idadi ya saa zilizobaki, mtu asiahidi zaidi ya nusu yake kwa kazi zote za kujitolea zikijumlishwa pamoja. Nusu nyingine si ya uvivu. Ni akiba ya homa, msiba, mgeni, na somo lililokuwa gumu kuliko ilivyotarajiwa. Mjenzi wa daraja hulipa nguvu kupita uzito wa gari linalotarajiwa kupita. Mwenye kupanga muda wake na afanye vivyo hivyo.

KAZI ZA SAA ZOZOTE NA KAZI ZA SAA MAALUMU

Wingi wa saa peke yake hautoshi kuamua. Kuna kazi zinazoweza kufanywa wakati wowote mtu apatapo nafasi, na kuna kazi zinazomfunga mtu kwa saa maalumu. Za kwanza ni kama maji ya mtungini, huchotwa kwa kiasi na wakati wa kiu. Za pili ni kama kumnyonyesha mtoto mchanga: kila mara ni muda mfupi, lakini hauahirishwi.

Mfano mzuri wa kazi za kwanza umetoka katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walitega huko kamera 225 zinazopiga picha zenyewe mnyama apitapo. Picha zilikuwa nyingi kupita uwezo wao wa kuzitazama. Mwezi Desemba 2012 zikawekwa katika intaneti, na watu wa nchi mbalimbali wakaombwa kutambua wanyama waliomo. Waliojiandikisha walizidi 28,000. Kila seti ya picha ilitazamwa na watu kadhaa, na jibu la wengi ndilo lililochukuliwa. Majibu hayo yalipolinganishwa na ya wataalamu, yalikubaliana kwa karibu asilimia 97. Katika kazi ya namna hiyo mtu anaweza kutoa nusu saa Jumapili moja, kisha akapumzika mwezi mzima wa mitihani, na hakuna kilichoharibika.

Kipimamvua ni cha aina ya pili. Mtu mmoja hafai kukabidhiwa peke yake, hata akiwa hodari namna gani. Shule ikichagua wanafunzi saba, kila mmoja akapewa siku yake, na kila mmoja akawa na mwenzake wa kumshikia nafasi, mzigo wa siku 365 hugeuka kuwa siku 52 kwa mtu, yaani dakika kumi kwa wiki. Kwa siku za likizo atafutwe mtu anayeishi karibu na shule, kama vile mlinzi au mwanafunzi wa kutwa, naye afundishwe kusoma chombo kabla likizo haijaanza. Kazi ni ileile. Kilichobadilika ni mpango wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KUCHAGUA KAZI YENYE FAIDA

Kusema kwamba anayejitolea hatafuti chochote ni kusema nusu ya kweli. Hatafuti fedha, lakini asipopata chochote ataacha. Faida inayostahili kutafutwa ni ya namna tatu: kujifunza jambo jipya, kuona matokeo ya kazi, na kukutana na watu ambao mtu asingekutana nao.

Kabla ya kukubali kazi, basi, ni vema kuuliza maswali machache. Je, kazi hii inatumia ninachokijua au itanifundisha nisichokijua? Takwimu zitakwenda kwa nani, na je, nitaonyeshwa zilivyotumika? Itaanza lini na kuisha lini? Nikiugua, nani atashika nafasi yangu? Kazi isiyo na majibu ya maswali hayo haijawa tayari kupokea watu, hata kama lengo lake ni zuri.

Kadhalika ni busara kuanza kwa muda wa majaribio. Badala ya kuahidi mwaka, mtu aahidi wiki nne, kisha apime: je, nilitimiza kila siku niliyopangiwa? Masomo yangu yalipungua? Nilikwenda kazini kwa moyo au kwa kujikokota? Kama majibu ni mema, aongeze. Kuongeza ahadi ndogo ni furaha kwa wote, lakini kupunguza ahadi kubwa ni aibu kwa wote.

Isitarajiwe kwamba kila anayejitolea atavumbua jambo. Hutokea mara chache. Mwaka 2007 mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, alikuwa akiainisha picha za galaksi kwa kujitolea alipoona doa la ajabu ambalo hakuweza kulitambua, akauliza. Doa hilo lilikuwa wingu kubwa la gesi lenye kung'aa, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Wenzake kwa maelfu waliainisha picha bila kukutana na kitu kama hicho, na kazi yao haikuwa bure, maana kila jibu lao liliingia katika hesabu. Lililomtofautisha Hanny van Arkel ni kwamba alikuwa na utulivu wa kutazama na ujasiri wa kuuliza. Mtu anayekimbia kutoka kazi hii kwenda ile hana utulivu huo. Doa lingepita mbele ya macho yake.

WAJIBU WA ANAYEOMBA

Hata hivyo si haki mzigo wote wa kupima uwekwe juu ya anayejitolea. Mara nyingi anayeomba ni mkubwa kwa cheo au kwa umri, na katika desturi za nchi hii si rahisi mdogo kumwambia mkubwa kwamba hawezi. Mwanafunzi akiitwa na mkuu wa shule na kuambiwa "tunakutegemea", jibu limekwisha kutolewa kwa niaba yake. Hapo neno kujitolea limepoteza maana, kwa sababu hakuna aliyejitoa, ametolewa.

Kwa hiyo kila anayeomba msaada wa shule, awe mtafiti, ofisi au chama, inafaa alete maombi yake kwa maandishi yenye mambo manne: kazi yenyewe ni ipi, inahitaji saa ngapi kwa wiki na saa zipi, itakwisha lini, na matokeo yatarudishwaje shuleni. Mkuu wa shule naye aweke orodha moja ya kazi zote za kujitolea na majina ya wanaozifanya, aitazame kila mwanzo wa muhula. Jina likionekana mara tatu, mtu huyo apunguziwe, hata kama mwenyewe hakulalamika. Pengine chini ya orodha hiyo kuna mwanafunzi mkimya ambaye hajawahi kuombwa lolote, na anangoja kuombwa.

Na anayelazimika kukataa si lazima akatae kwa ukali. Yatosha kusema kwa heshima: "Mwalimu, yote siyawezi, lakini Jumanne naiweza, mpaka mwisho wa muhula." Maneno hayo yana faida kuliko "ndiyo" ya haraka, kwa kuwa yanampa mwombaji kitu cha kupangia.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo humtia nguvu mwenye kidogo, kwamba kidogo chake kina thamani. Haikumwagiza atoe asichokuwa nacho. Nchi inahitaji madaftari ya mvua yasiyo na pengo, hesabu za ndege zilizofanywa na macho yasiyochoka, na vijana watakaoendelea kujitolea wakiwa watu wazima kwa sababu utotoni hawakuchoshwa. Mwanafunzi anayesoma kipimamvua kila Jumanne kwa miaka minne, bila kukosa na bila kubuni, ameifanyia sayansi kazi ambayo itatumiwa na watu ambao bado hawajazaliwa.